Kiraka cha pasi: namna ya kukibandika kishike na kisibanduke

Kiraka cha pasi kikibanduka baada ya kufuliwa mara mbili tatu, wengi hulaumu gundi. Mimi nimebandika viraka vingi, vya kuziba magoti ya suruali na vya kupamba mabega ya jaketi, na karibu vyote vilivyonitoka vilikuwa na sababu moja kati ya mbili: ama niliondoa pasi mapema, ama nilivuta ukingo kuona kama kimeshika kabla hakijapoa. Gundi hii haishiki ikiwa moto. Hushika inapopoa. Ukilielewa hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana kwako, wala hutahitaji kuzikariri.

Nyuma ya kiraka kuna tabaka jembamba la gundi kavu ya jamii ya plastiki. Likipata joto hulainika likawa kama uji mzito, na uzito wa pasi hulisukuma liingie katikati ya nyuzi za nguo. Likipoa hugandia humo humo, likiwa limezikumbatia nyuzi pande zote. Kwa hiyo joto peke yake halitoshi. Bila mgandamizo gundi hulainika ikabaki juu juu, na kiraka hujifanya kimeshika kumbe kimeegemea tu.

Anza na nguo, si na kiraka

Kabla ya kuwasha pasi, tafuta lebo ndani ya nguo, kwa kawaida ipo shingoni au kwenye mshono wa ubavuni. Utaona kichoro cha pasi chenye vitone. Kitone kimoja maana yake joto lisizidi nyuzi 110 hivi za Selsiasi, viwili ni kama 150, vitatu ni kama 200. Pasi iliyopigiwa alama ya mkato ni katazo: nguo hiyo haipigwi pasi kabisa, na kiraka chake kitashonwa kwa sindano.

Pamba, kitani, jinzi na turubai ndivyo vitambaa vinavyopokea kiraka cha pasi vizuri kuliko vyote. Vinastahimili joto, na nyuzi zake zina mahali pa gundi kuingia. Mchanganyiko wa pamba na poliesta nao hukubali, ila kwa joto la kati na kitambaa cha kukinga juu yake. Poliesta tupu inahitaji uangalifu zaidi. Huyeyuka karibu nyuzi 260, lakini usidanganyike na namba hiyo, kwa maana huanza kung'aa na kusinyaa mapema zaidi, na alama ya pasi iliyokwisha kung'aa juu ya kitambaa cheusi haifutiki.

Nailoni nyembamba, kama ya makoti ya mvua na mabegi mepesi, mimi siibandiki kwa pasi hata kidogo. Nilishawahi kuharibu begi la mdogo wangu namna hiyo. Lilikuwa zuri, kasoro tundu dogo pembeni. Niliweka kiraka, nikagandamiza pasi, na nilipoinua, kitambaa kilichozunguka kiraka kilikuwa kimejikunja kama jani lililopita motoni. Tundu la ukubwa wa ukucha likawa la ukubwa wa kiganja. Mifuko ile ya polipropilini isiyofumwa, inayofanana na karatasi nene, ni dhaifu zaidi, kwa sababu huanza kuyeyuka katika nyuzi 160 hivi.

Nguo za kuzuia maji zina shida nyingine. Zimepakwa dawa inayofukuza maji, na dawa hiyo hiyo huizuia gundi isiingie. Vitambaa vya kuvutika, vile vyenye spandeksi, vinakubali kubandikwa lakini havidumu: nguo inavutika, gundi haivutiki, na ukingo wa kiraka huachia kidogo kidogo. Mahameli, ngozi, hariri na sweta za kufuma, zishone tu.

Ukiwa na shaka, jaribu mahali pasipoonekana. Geuza nguo, tafuta upindo wa ndani, weka kipande cha pamba juu yake na ugandamize pasi kwa sekunde kumi. Rangi ikibadilika, kitambaa kikang'aa au kikanata, umepata jibu lako bila hasara.

Kukijua kiraka chenyewe

Kigeuze. Kiraka chenye gundi huwa na mgongo laini unaong'aa kidogo, wakati mwingine mweupe kama maziwa, na ukikwaruza kwa ukucha unasikia utelezi wa plastiki. Ukiona nyuzi za darizi tu, au kitambaa kikavu, hakina gundi. Unaweza kukishona, au ununue utando wa gundi unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Kata utando ufuate umbo la kiraka, lakini upunguze milimita moja au mbili kila upande ili gundi isivuje pembeni, kisha uubandike kwanza kwenye kiraka kabla ya kukipeleka kwenye nguo.

Angalia pia kama kiraka kinaweza kustahimili pasi. Viraka vya mpira au plastiki laini, vyenye shanga au vinavyometameta, mara nyingi huyeyuka au kupoteza sura ukivigandamizia pasi usoni. Kama mtengenezaji ameandika maelekezo kwenye pakiti, ya muda na joto, yafuate hayo kabla ya haya yangu, kwa sababu gundi hutofautiana.

Kama kiraka ni cha kuziba tundu, kitazidi tundu kwa sentimita moja na nusu kila upande. Kitambaa kilicholizunguka tundu huwa tayari kimechoka, na ukibandika kiraka kinachotoshea tundu tu, utakuwa umekishikiza kwenye nyuzi zinazojiandaa kukatika. Zile nyuzi zinazoning'inia mdomoni mwa tundu zipunguze kwa mkasi, ila usikate kitambaa kizima. Na ukikata kiraka mwenyewe kutoka kwenye kitambaa kikubwa, kipe pembe za mviringo. Fuatisha mdomo wa kikombe au sarafu. Pembe kali ndiyo ya kwanza kunaswa na vitu, na ikishainuka kidogo, maji na sabuni hupenya na kumalizia kazi.

Maandalizi

Fua nguo, na uifue bila dawa ya kulainisha vitambaa. Dawa hiyo huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, na gundi haipatani na mafuta. Nguo mpya nayo ifuliwe kwanza, hata kama inaonekana safi. Kitambaa kipya huwa na dawa za kiwandani, na pengine bado hakijasinyaa. Kikija kusinyaa baada ya kubandikwa kiraka, kitajikunja kuzunguka kiraka chote na hakuna pasi itakayokinyoosha. Ianike ikauke kabisa. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke chini ya kiraka na kuinua gundi.

Kisha andaa mahali pa kufanyia kazi. Hapa naona makosa mengi. Kitanda hakifai, na hata meza ya kupigia pasi yenye sponji nene haifai sana, kwa sababu sponji humeza uzito wako. Tafuta meza ya mbao au ubao mgumu, utandike shuka la pamba lililokunjwa mara mbili. Meza ya plastiki itayeyuka, na iliyopakwa vanishi itaharibika, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo, weka ubao kwanza.

Hakikisha chini ya mahali pa kiraka hakuna kifungo, zipu wala mshono mnene. Uvimbe wowote chini hubeba pasi juu, na pembeni yake gundi haipati mgandamizo. Kama ni mkono wa shati au mguu wa suruali, ingiza ubao mwembamba au kadibodi ndani, la sivyo gundi inaweza kupenya na kuunganisha upande wa mbele na wa nyuma.

Kupata mahali pake

Vaa nguo. Simama mbele ya kioo, shika kiraka pale unapotaka kiwe, uweke alama kwa chaki ya fundi. Nguo iliyolala mezani hudanganya: kinachoonekana katikati ya kifua mezani, mwilini huwa kimeshuka au kimekwenda kwapani. Kwa goti, kaa chini na ukunje mguu, kwa sababu goti la mtu aliyekaa haliko mahali pamoja na la mtu aliyesimama, na suruali huchanika wakati wa kukaa na kupiga magoti.

Nembo yenye maandishi ipime kutoka kwenye mshono kwa rula, kushoto na kulia. Macho ya watu huona upesi nembo iliyopinda, hata kwa milimita chache.

Kupiga pasi

Mwaga maji yaliyomo kwenye pasi na uzime mvuke. Mvuke hupooza na kulowesha pale pale unapotaka joto kavu. Weka kipimo cha joto kulingana na nguo, kwa pamba na jinzi karibu na juu kabisa, kwa mchanganyiko wa poliesta katikati, kisha ungoje hadi taa ya pasi izime na kuwaka tena angalau mara moja. Pasi iliyowashwa sasa hivi bado haijasambaza joto uso mzima.

Pitisha pasi kwanza kwenye nguo tupu, mahali pa kiraka, kwa sekunde kumi. Unakausha unyevu wa mwisho na unaipasha nguo joto ili isiinyonye gundi joto lake. Weka kiraka upande wa gundi chini. Kama ulikishikiza kwa pini, zitoe. Zile zenye vichwa vya plastiki zitayeyuka, na za chuma zitaacha alama.

Funika kwa kitambaa chembamba cha pamba au karatasi ya kuokea. Sasa shusha pasi juu ya kiraka na uegemee. Usiisukume huku na huku kama unavyonyoosha shati, maana gundi iliyolainika inateleza, na kiraka kitaondoka mahali ulipopima kwa taabu yote ile. Egemea kwa uzito wa mabega, ukihesabu sekunde 15 hadi 20 kwa kitambaa chembamba na hadi 30 kwa jinzi au kiraka kinene cha darizi. Kisha inua pasi juu, isogeze, ishushe tena. Kila mara eneo jipya lipande kidogo juu ya lile la kwanza, kwa sababu matundu ya mvuke chini ya pasi hayatoi joto, na kiraka kinaweza kuwa na madoa madogo ambayo hayajashika hata kidogo. Kingo zipe muda zaidi kuliko katikati. Kiraka huanza kubanduka ukingoni, hakianzi tumboni.

Halafu geuza nguo ndani nje na urudie upande wa nyuma kwa muda huo huo. Wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa viraka vya darizi. Nyuzi za darizi ni nene na joto hupita kwa shida kutoka juu, lakini nyuma kuna unene wa nguo tu kati ya pasi na gundi. Kwa kiraka kisichostahimili pasi usoni, upande wa nyuma ndio pekee wa kutumia.

Sasa acha. Usiinue nguo, usivute ukingo. Weka juu yake kitu kizito, bapa na baridi, kitabu kikubwa kwa mfano, ukiache dakika kumi. Kitabu kinaendelea kugandamiza huku kikinyonya joto, na gundi inaganda ikiwa imebanwa ndani ya nyuzi. Ndipo upitishe ukucha taratibu kuzunguka ukingo. Ukikuta mahali panapoinuka, rudia hapo tu, sekunde 15, kisha upoze tena. Ukirudia mara mbili na bado panainuka, usiendelee kuchoma nguo. Kitambaa hicho kimekataa gundi, shika sindano.

Wenye pasi ya mkaa, au pasi ambayo kipimo chake hakiaminiki, wanaweza kupima kwa tone la maji. Likitoa sauti, likachemka na kukauka hapo hapo, joto limepita nyuzi 100 na unaweza kuanza na kitambaa cha pamba. Likijiviringisha kama shanga na kuruka, pasi iko karibu nyuzi 200 au zaidi, na hiyo si ya kitambaa chenye plastiki yoyote. Kung'uta majivu nje kabla ya kuanza, na ufunike kiraka kwa kitambaa kinene kidogo.

Tundu linalozibwa kwa ndani

Kuna wanaopenda kiraka kikae ndani, ili mchaniko wa jinzi ubaki ukionekana. Ni mtindo mzuri, lakini una mtego wake: pale kwenye mdomo wa tundu gundi inabaki wazi, inatazama nje. Itagandia kwenye meza, kwenye pasi, baadaye hata kwenye nguo nyingine. Ziba hapo kabla ya kupiga pasi. Kata kipande cha kitambaa kinachoingia ndani ya mdomo wa tundu, cha rangi utakayopenda ionekane, ukiweke juu ya gundi iliyo wazi, na uweke karatasi ya kuokea juu na chini. Baada ya kupoa, pitisha mishono michache ya mkono kukatiza mdomo wa tundu ili nyuzi za jinzi zisiendelee kufumuka.

Shona kingo

Kwa nembo ya koti linalofuliwa mara chache, gundi pekee inatosha. Kwa nguo za watoto, za kazi, au chochote kinachofuliwa kila wiki, nashauri ushone kingo hata kama gundi imeshika vizuri sana. Gundi hukizuia kiraka kisitembee wakati unashona, uzi hukizuia kisibanduke kwenye ndoo ya kufulia.

Subiri kipoe kabisa kwanza. Tumia uzi wa rangi ya ukingo wa kiraka, anza na fundo ukilificha upande wa ndani wa nguo, na upige bakia, yaani mishono inayorudi nyuma kila hatua, fupi fupi milimita mbili ndani ya ukingo. Bandi, mishono ya kwenda mbele tu, ni rahisi zaidi lakini ikikatika mahali pamoja hufumuka yote, bakia hushika. Sindano itanata kwa sababu ya gundi, ifute mara kwa mara kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na uvae subana kidoleni, kwa kuwa kiraka cha darizi juu ya jinzi ni kigumu kupenya. Kwa cherehani, chukua sindano ya namba 90/14 kwa vitambaa vya kawaida na 100/16 kwa jinzi, ushone polepole.

Kufua baadaye

Kipe kiraka siku nzima kabla ya maji kukigusa. Ukifua, geuza nguo ndani nje, tumia maji ya baridi au yasiyozidi nyuzi 30, na usikamue kwa kusokota mahali pa kiraka. Kamua kwa kubana. Mashine ya kukaushia ina hewa moto inayoilainisha gundi upya huku nguo ikirushwarushwa, kwa hiyo anika kwenye kamba. Ukipiga pasi nguo hiyo siku za mbele, pitia upande wa nyuma.

Ukitaka kukitoa

Kukitoa ni kinyume cha kukibandika: hapa unavuta kikiwa moto. Funika, gandamiza pasi sekunde 15, kisha inua ukingo kwa kibanio cha chuma, usitumie vidole. Endelea kidogo kidogo, ukipasha tena kila kinapokataa. Kama kimeshonwa, kata nyuzi kwanza.

Gundi iliyobaki kwenye nguo ifunike kwa karatasi ya kahawia isiyo na maandishi au kitambaa chakavu cha pamba, upitishe pasi, na uibandue karatasi ikiwa bado ina moto. Gundi itahamia huko. Badilisha karatasi hadi isitoke kitu. Kama kuna gundi ngumu iliyobaki, weka nguo kwenye friza kwa saa moja, gundi ikigandamana itakwanguka kwa kisu butu. Dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni huondoa baadhi ya gundi, lakini ijaribu kwanza mahali pa siri, usiiweke kamwe kwenye kitambaa cha asetati, kile kinachong'aa kama hariri, kwani itakiyeyusha, na uifanye mbali na pasi moto kwa sababu hushika moto upesi.

Pasi nayo huenda imechafuka. Ikiwa bado na joto la wastani, tandika karatasi, nyunyiza chumvi ya mezani, na upitishe uso wa pasi juu yake hadi gundi ibebwe na chumvi. Ukiwa na pasi yenye uso laini wa kutonata, acha chumvi, itaukwaruza. Tumia kitambaa cha pamba chenye unyevu. Kisha ipitishe pasi kwenye kitambaa cheupe chakavu mpaka kitoke hakina doa, ndipo uiguse nguo nyingine.